"Petty": Ndogo kwa Nani?

Barua ya juma hili imetoka Murungu, kata mojawapo ya Wilaya ya Kibondo, kule kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Aliyeiandika ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza maharage, unga wa muhogo na dagaa. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami natii. Anasema kikundi chao kililetewa fomu ya kuomba mkopo, iliyoandikwa kwa Kiingereza upande wa kushoto na kwa Kiswahili upande wa kulia. Upande wa kushoto waombaji wanaitwa "petty traders". Upande wa kulia wanaitwa "wafanyabiashara duni".

Katibu akaisoma kwa sauti mbele ya wanachama, kama ilivyo kazi yake. Alipofika kwenye neno "duni", mama mmoja mtu mzima akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akamwambia: "Mwanangu, andika kwamba maharage yangu ni machache. Lakini mimi siyo duni." Akatoka. Wenzake wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja. Fomu hiyo imo kwenye mkoba wa katibu, haina dole gumba hata moja, na tarehe ya mwisho ya kuirudisha inakaribia. Sasa anauliza: hilo neno la Kiingereza lina maana gani hasa, na Kiswahili chake ni kipi?

Napenda kuanza kwa kumwambia katibu kwamba yule mama alisikia sawasawa. Dharau aliyoisikia ipo. Haikuletwa na mfasiri peke yake, imo ndani ya neno lenyewe la Kiingereza. Kosa la mfasiri ni kwamba neno lile lina vyumba viwili, naye akaingia kile kibaya bila kubisha hodi.

Neno "petty" Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, ambao kwao "petit" ni "-dogo" basi, bila kashfa yoyote. Lilipoingia Uingereza lilikuwa na maana hiyo hiyo ya udogo wa umbo au wa cheo. Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kufundishwa herufi aliitwa kwa neno hilo. Katika jeshi la majini la Uingereza mpaka leo wapo maofisa wadogo wanaoitwa "petty officers", na jaribu kumdharau mmoja wao ndani ya meli uone. Katika maofisi yetu ipo "petty cash", ambayo watu wa uhasibu wameifanya ya Kiswahili kabisa, "peti kashi". Hizo ni fedha za matumizi madogo madogo: stempu, sukari ya chai, nauli ya tarishi. Hapo neno halimtukani mtu. Linasema tu kwamba kiasi hiki hakihitaji hundi wala saini tatu.

Lakini maneno ni kama watu, hukaa na watu wakaambukizwa tabia. Neno lililokuwa la umbo na cheo likawa neno la moyo. Leo ukimwambia Mwingereza kwamba yeye ni "petty" hujasema kwamba ni mfupi. Umemwambia kuwa ana roho ndogo, ana kijicho, anagombana juu ya vitu visivyo na maana. Maana zote mbili zinaishi nyumba moja, na msomaji hana namna ya kujua ni ipi iliyomfungulia mlango mpaka atazame neno linalofuata. "Petty cash" haina roho mbaya. "Petty quarrel" ni ugomvi wa kipuuzi. Je, "petty trader" ni mtu mwenye bidhaa chache, au ni mtu asiye na maana? Kiingereza kinakuacha hapo katikati, na aliyeandika fomu huenda anapenda kukuacha hapo.

Wapo ndugu zake neno hili. Lipo "small", ambalo ni dogo la kupima kwa macho. Lipo "minor", ambalo ni dogo kwa kulinganisha na kubwa lake. Lipo "trivial", jambo lisilostahili kuzungumzwa, na lipo "negligible", ambalo wahandisi na wahasibu hulipenda sana: kiasi ambacho ukikiacha nje ya hesabu, hesabu haiharibiki. Katika hao wote, "petty" ndilo lenye historia ndefu mahakamani, na historia hiyo inafaa kusikilizwa.

Kwa karne nyingi sheria ya Uingereza iligawa wizi katika mafungu mawili. Mpaka wake ulikuwa peni 12. Mwizi wa mali iliyozidi thamani hiyo alikuwa na wizi mkubwa, na adhabu yake ilikuwa kitanzi. Mali ikiwa na thamani ya peni 12 au pungufu, wizi uliitwa "petty", na mtu alichapwa viboko akaenda zake. Basi peni moja ilitosha kumtenga aliyeko hai na maiti. Wazee wa baraza waliliona hilo. Wakawa wanakaa na kitambaa mezani ambacho kila mtu anajua bei yake dukani, kisha wanatamka kwa nyuso kavu kwamba thamani yake ni peni 10, ili kumwokoa mtu shingo yake. Mpaka huo wa wizi mkubwa na mdogo ulifutwa mwaka 1827.

Kulikuwa pia na uhaini mdogo, "petty treason", ulioandikwa katika sheria ya mwaka 1351. Uhaini mkubwa ulikuwa kumwasi mfalme. Uhaini mdogo ulikuwa mtumishi kumuua bwana wake, au mke kumuua mumewe. Mume aliyemuua mkewe hakuwa mhaini, alikuwa muuaji wa kawaida. Mwanamke aliyehukumiwa kwa kosa hilo lililoitwa dogo aliweza kuchomwa moto hadharani, na adhabu hiyo ya moto haikuondolewa mpaka mwaka 1790. Kosa lenyewe lilifutwa mwaka 1828. Nauliza, wasikilizaji, udogo hapo ulikuwa wapi? Haukuwa katika kosa, wala katika adhabu. Ulikuwa katika cheo cha aliyeuawa: baba wa nyumba alikuwa mfalme mdogo. Neno lilipima mtu, halikupima tendo.

Hapo ndipo yule mama wa Murungu alipoweka kidole. Anajua kupimwa, maana maisha yake yote anapima maharage kwa kopo na kwa debe. Anachokataa ni kupimwa yeye.

Sasa tuje kwetu. Kiswahili kina "-dogo", na ningependa katibu aliangalie neno hili vizuri, maana halina hatia ambayo "petty" inayo. Mama mdogo ni mama. Hakuna mtu aliyewahi kudhani kwamba mama mdogo ni mama asiye na maana. Mama akifariki, mara nyingi yeye ndiye anayebaki na watoto. Baba mdogo anakaa kwenye mahari. Mdogo wangu ni neno la mapenzi. Tunasema haja ndogo, na hiyo ikikubana ndani ya basi kati ya Kasulu na Kibondo utaona kwamba udogo wake ni wa jina tu. Tunasema "samahani kidogo" na "subiri kidogo", na hiyo ya mwisho, hasa ofisini, inaweza kwenda mpaka saa tisa alasiri.

Tena Kiswahili kinaweza kulirudia neno: ndogo ndogo, madogo madogo, vidogo vidogo. Wafasiri wengi hudhani kurudia huko ni kuongeza udogo, kana kwamba ndogo ndogo ni ndogo kuliko ndogo. Sivyo. Kurudia kunaonyesha wingi uliotawanyika, kila kimoja peke yake. Samaki wadogo wadogo ni wengi, na kila mmoja ni mdogo. Biashara ndogo ndogo ni nyingi, kila moja na mwenyewe, kila moja na kopo lake. Neno linakuonyesha soko zima limetandazwa chini. "Petty" haionyeshi soko, inaonyesha uso wa anayelitazama soko kutoka dirishani.

Kipo pia kiambishi "ki", ambacho ni hatari zaidi, kwa kuwa kinabembeleza na kutukana kwa sauti moja. Kitoto chaweza kuwa cha kupakatwa, au kile cha jirani kilichovunja dirisha. Kijitu ni tusi. Lakini mti ukawa kijiti, mto ukawa kijito, hakuna aliyekasirika. Na mji? Mji uliponyongeshwa ulikuwa kijiji. Naam, neno kijiji kwa sarufi yake ni mji mdogo, na sote tumelisahau. Wenyeji wa Kibondo na Kasulu wana sababu ya kulikumbuka. Waha wa zamani walikaa kwa kutawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, wakahamishwa wakapangwa kandokando ya barabara, na mwaka 1975 sheria ya vijiji ikataka kila kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Kwa mtu aliyezoea kuona moshi wa jirani upande wa pili wa bonde, kaya 250 mahali pamoja ni mji mkubwa. Sarufi ikasema ki.

Wenyeji wenyewe wanayo hekima hiyo katika lugha yao. Kiha, kama jamaa zake Kirundi na Kinyarwanda, kina kiambishi cha "ka" kinachofanya kazi kama hiyo ya kupunguza. Bibi akimtilia mjukuu wake "ka" anamkumbatia. Ukimtilia jirani mliyegombania mpaka wa shamba, umetafuta kesi. Kwa hiyo msidhani yule mama aliondoka kwa kuwa hajasoma. Aliondoka kwa kuwa kwao kupunguza jina la mtu ni jambo linalohitaji ruhusa.

Neno "duni", lenye asili ya Kiarabu, halina mapenzi hata chembe. Nyumba duni, maisha duni, bidhaa duni: ni kitu kilicho chini ya kiwango, kisichofaa. Ukilipachika kwenye mazingira unaeleza hali. Ukilipachika kwa mtu umekwisha kumhukumu. Mfasiri angeweza kuandika "haba" kama alitaka uchache, maana haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni chombo ambacho akina mama wa sokoni wanakijua kuliko yeye.

Nimewahi kukaa kwenye soko la aina hiyo, kule nyanda za juu, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nilimwuliza muuza maharage mmoja anafanya kazi gani. Akanijibu: "Sina kazi, baba. Nauza vitu vidogo vidogo tu." Alikuwa ameamka saa kumi, ametembea na mzigo kichwani, amekwisha kukopesha watu wawili, amemtuma mtoto na ada ya mtihani, na bado aliniambia hana kazi. Kwa hiyo neno la dirishani lilikwisha kumfikia hata kabla ya fomu. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akikuita duni unaweza kujifunga kanga ukatoka. Ukianza kujiita mwenyewe hivyo, utatokea mlango gani?

Kwa wasikilizaji wa mijini, hadithi ya neno hili iko barabarani mbele yenu. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika Dar es Salaam watu walikamatwa kwa kutoonyesha kitambulisho cha kazi, wakapakiwa kupelekwa vijijini. Muuza karanga alikuwa mzururaji mpaka athibitishe vinginevyo. Hao ndio waliokuja kuitwa Wamachinga, na kwa miaka mingi hadithi yao ilikuwa ya mgambo, mbio na meza zilizopinduliwa. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wakaondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Kuna mengi ya kubishania katika hayo, nami sitayabishania leo. Naangalia lugha tu. Magazeti ya Kiingereza yaliendelea kuwaita "petty traders". Kitambulisho kiliwaita wajasiriamali. Neno hilo ni refu, na baadhi ya watu bado hulikwaa ulimini, lakini linambeba mtu mwenye ujasiri wa kuingiza mali yake hatarini. Na tazameni ule mpaka wa milioni 4. Ukigawa kwa siku za mwaka unapata kama shilingi 11,000 kwa siku, nayo ni mauzo, siyo faida. Hapo mtu ameambiwa kitu kinachopimika. Anaweza kusema ninazidi, au sizidi. Mtu aliyeambiwa yeye ni duni atajipimaje?

Hata mahakama zimekuja kuligusa jambo hili. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha kanuni zinazozitaka nchi ziache kuyafanya jinai yale yanayoitwa kwa Kiingereza "petty offences". Ni makosa kama kuzurura, kuombaomba, na kuchuuza barabarani bila kibali. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zilizotapakaa barani zinapingana na Mkataba wa Afrika. Nyingi ya sheria hizo zina mizizi katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1824, iliyowahusu watu waliokuwa wanatembea Uingereza bila kazi wala makao. Kosa ni dogo kwenye karatasi. Aliyelala mahabusu siku tatu kwa ajili yake amekosa siku tatu za soko, na mtoto wake amekosa siku tatu za uji.

Na kama bado kuna mtu anadhani kwamba haya ni mambo ya kamusi tu, nampeleka tena Kibondo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kigoma, na vita vya jirani vikaleta bunduki pia. Ikafika mahali mabasi ya njia zile yakawa yanasindikizwa na askari wenye silaha, na abiria walikuwa wanahesabu kona. Machi 2000 nchi za eneo hili zikatia saini Azimio la Nairobi juu ya kile ambacho Waingereza wanakiita "small arms". Sisi tukatafsiri: silaha ndogo ndogo. Ni tafsiri sahihi. Ni ndogo kwa sababu mtu mmoja anaweza kuibeba, tofauti na mzinga. Lakini muulize abiria aliyelazwa kifudifudi kando ya barabara, bunduki ikiwa kisogoni, kama ameona udogo wake.

Basi kwa katibu jibu langu ni hili. Usitafute neno moja la Kiswahili la kuweka mahali pa "petty", kwa sababu ukilipata litakuwa na ugonjwa ule ule. Uliza kwanza: kilicho kidogo hapa ni kitu gani? Kama ni mtaji, andika "wafanyabiashara wenye mtaji mdogo". Vizuri zaidi, andika mtaji usiozidi shilingi ngapi. Kama ni mauzo, taja mauzo. Kama ni eneo, sema wanaouza kwenye meza au chini. Udogo ukae kwenye kitu kinachohesabika, usikae kwenye mtu. Fomu yako ni karatasi, si msahafu. Kata neno "duni" kwa mstari mmoja, andika juu yake "wenye mtaji mdogo", weka saini yako pembeni, uwasomee tena wanachama. Ofisi ikilalamika, waambie umesahihisha Kiswahili chao bila malipo. Na kama yule mama mtu mzima bado hajaridhika, mwombe yeye aseme neno analotaka liandikwe, maana dole gumba ni lake.

Nilikuwa nimefikia hapo nikataka kufunga barua, ndipo nikakumbuka mahali pamoja ambapo neno hili limetudhuru zaidi kuliko kwenye fomu yoyote. Nazungumzia rushwa.

Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996, iliwatenganisha wala rushwa katika makundi mawili: wanaopokea kwa sababu ya kipato kidogo, na wakubwa wanaopokea kwa tamaa. Ule ulikuwa utenganisho wa haki, na wa kiuchunguzi. Lakini mitaani na kwenye semina umegeuka kuwa kitu kingine. Kundi la kwanza limepewa jina, "petty corruption", rushwa ndogo ndogo, na jina hilo limekuwa kama godoro. Tumekwenda mbali zaidi, tumeiita "kitu kidogo". Angalieni werevu wa lugha: anayeomba ndiye anayetangaza udogo. Anayetoa haulizwi.

Tuseme muuza maharage amenunua mzigo kwa shilingi 40,000. Ameuza kwa 46,000. Faida ni 6,000. Ametoa 2,000 za kubebea mzigo, amebaki na 4,000, nazo ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Njiani anasimama mtu mwenye kofia, anataka kitu kidogo cha shilingi 2,000. Kwa mwenye kofia hiyo ni soda na vocha ya simu. Kwa mama ni nusu ya siku nzima tangu saa kumi alfajiri. Mkubwa wa wizara akinyang'anywa nusu ya mshahara wake wa mwezi hatungesikia neno "ndogo" likitajwa, tungesikia king'ora.

Wala kwa upande wa mwenye kofia si kidogo, tukihesabu. Shilingi 2,000 kwa watu 20 ni 40,000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni milioni moja kamili kwa mwezi, bila kodi, bila stakabadhi, bila dole gumba la mtu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni la akina mama kumi na wanne wa kikundi kimoja. Mhasibu angeweza kuniambia kwamba kwa pato la taifa kiasi hicho ni "negligible", na kwa hesabu yake atakuwa amesema kweli. Ningemwomba tu aje aisome hesabu hiyo kwa sauti, sokoni, mbele ya wanachama, na awe tayari kuona watu wakisimama.

Ninazo mezani barua mbili zaidi, moja ya Ujiji na moja ya Buguruni, zote zinauliza tofauti ya mjasiriamali na mfanyabiashara. Nitazisoma juma lijalo, saa hizi hizi.